Soko Liwe Mahali pa Kumtuma Mtoto

Mzazi amtumapo mtoto sokoni hungoja arudi na vitu viwili: bidhaa aliyotumwa na chenji iliyobaki. Bidhaa hutazamwa, chenji huhesabiwa, na shauri huishia hapo. Leo tunapenda kuuliza habari za kitu cha tatu ambacho aghalabu hakihesabiwi, nacho ni maarifa aliyorudi nayo mtoto huyo. Je, amejua kwa nini bei ya leo si ile ya juzi? Amejua mahali ambapo bei huzungumzwa na mahali ambapo haizungumzwi? Na kama alipunjwa, je, amejua kwamba amepunjwa?

Tunayasema haya tukizitazama hasa wilaya za Tarime na Serengeti katika Mkoa wa Mara, lakini yanawahusu vile vile ndugu zetu wa visiwani. Dagaa wanaoanikwa juu ya mawe na mchanga wa visiwa vya Ziwa Victoria huishia katika masoko ya nchi kavu, na mahindi, ulezi na ndizi za nchi kavu huvushwa kwa mitumbwi kwenda visiwani. Mtoto wa Ukerewe anayepunjwa gulioni na mtoto wa Mugumu anayepunjwa sokoni ni watoto wa soko moja, ingawa kati yao pana maji.

Tuanze na shuleni. Mtoto wa shule ya msingi hufundishwa hesabu ya namna hii: embe moja ni shilingi 200, je, maembe saba ni shilingi ngapi? Jibu ni 1,400, na ni jibu moja tu. Hesabu hiyo ni ya lazima, na asiyeiweza hana la kufanya sokoni. Lakini mtoto huyo akifika kwenye soko la Tarime mjini hukuta maembe yamepangwa kwa mafungu. Asubuhi fungu lina maembe matano, na jioni fungu hilo hilo lina saba. Mwenye kununua mafungu mawili huongezwa embe moja, na mwenye kunyamaza haongezwi kitu. Bei haikubadilika hata senti moja, bali kilichobadilika ni kile kinachopatikana kwa bei hiyo. Mtoto aliyefundishwa hesabu ya kitabuni peke yake ni kama aliyefundishwa kupiga kasia akiwa nchi kavu: mikono inajua, lakini maji hajayaona.

Yafaa ikumbukwe kuwa jambo hili si geni katika mkoa wetu. Mwezi Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma na kutoa azimio ambalo hadi leo linaitwa Azimio la Musoma. Watu wengi hulikumbuka kwa sababu liliagiza elimu ya msingi iwafikie watoto wote ifikapo mwaka 1977. Wachache hukumbuka kuwa azimio hilo lilitaka pia elimu ifungamanishwe na kazi na maisha ya wananchi, kama ilivyokwisha elezwa katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967. Shule nyingi zilielewa kuwa maana yake ni jembe na shamba la shule, na hilo halikuwa kosa. Lakini mkulima hamalizi kazi yake shambani. Huimaliza sokoni, na huko ndiko jasho lake hupata thamani au huipoteza.

Sasa tuingie sokoni kwenyewe. Tuchukue mfano wa mtoto wa darasa la nne aliyetumwa kununua dagaa. Amefunzwa adabu nyumbani, kwa hiyo anaanza kwa kuamkia.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Karibu dagaa.”

“Sado moja bei gani?”

“Umepewa shilingi ngapi?”

“Elfu sita.”

“Basi ni elfu sita hiyo hiyo, mwanangu. Leta mfuko.”

Mtoto huyu hakuibiwa, wala hakuambiwa uongo. Bei ameitaja yeye mwenyewe. Endapo meza ya tatu kutoka hapo sado ile ile ilikuwa ikiuzwa kwa elfu tano, basi shilingi 1,000 ya mama yake imekwenda kwa neno moja tu, na ni neno lililosemwa kwa unyofu. Mzazi atakapomkaripia atamwambia kuwa ni mjinga. Sisi tunasema si mjinga, ila hakuna mtu aliyemfundisha.

Kuna watu wanaodhani kuwa kupatana bei hakufundishiki, kwamba ni kipaji au ni ujanja. La hasha. Mapatano yana kanuni zake, na mama yeyote aliyeuza nyanya kwa miaka kumi anaweza kuzitaja. Kanuni ya kwanza ni kuzunguka meza tatu na kuuliza kabla ya kununua kwenye meza moja. Ya pili ni kutotaja fedha uliyonayo. Ya tatu ni kukagua mali kabla ya kuzungumza bei, kwani anayekubali bei kwanza na kuona ubovu baadaye hana pa kushika. Ya nne ni kutotukana mali ya mtu: mwambie mwenzako kuwa fedha yako haitoshi, usimwambie kuwa nyanya zake zimeoza ilhali hazikuoza. Ya tano, na ndiyo kubwa kuliko zote, ni kwamba bei ikishakubaliwa haivunjwi. Anayepatana hadi mwisho kisha akaondoka bila kununua amemharibia mwenzake wakati, na kesho hatasikilizwa.

Tungependa kuongeza ya sita, ambayo haimo katika hesabu bali katika utu. Bibi kizee aliyeketi chini na mafungu manne ya mchicha si mtu wa kuvutana naye kwa shilingi mia. Mtoto na ajue kuwa kupatana ni kutafuta bei ambayo wote wawili wanaweza kwenda nayo nyumbani. Bei inayomwacha mmoja akilia haikupatanwa, bali imenyang'anywa.

Pamoja na kanuni hizo, mtoto afundishwe sababu za bei kupanda na kushuka, maana bei haishuki kutoka mbinguni. Hapa watoto wa visiwani wana somo ambalo wenzao wa Tarime hawana. Wavuvi wa dagaa huvua kwa taa usiku wa giza, kwa sababu dagaa hufuata mwanga. Mbalamwezi inapotanda taa hupoteza nguvu, mitumbwi hupumzika, na dagaa huadimika. Mtoto wa kisiwani hahitaji mwalimu wa uchumi kumweleza kwa nini bei ya sado hupanda wakati wa mbalamwezi, kwani hutazama angani tu. Mtoto wa Serengeti naye anayo yake: mahindi huwa rahisi wakati wa mavuno, ambapo kila nyumba inauza ili ipate ada na mahitaji, na huwa ghali wakati maghala yamekauka. Mkulima aliyeuza gunia zima wakati wa mavuno mara nyingi hulinunua tena kwa debe miezi michache baadaye, kwa bei iliyo kubwa zaidi. Hili ni pigo linalorudia kila mwaka katika familia nyingi, nalo lingepungua kama daftari la bei lingekuwamo nyumbani. Wahenga hawakukosea waliposema mali bila daftari huisha bila habari.

Upo pia mnada, ambao kwa wananchi wa Tarime na Serengeti ni kitu kikubwa, kwa kuwa ng'ombe ndiye benki yao. Jina lake ni mnada, lakini siku hizi ng'ombe wengi huuzwa kwa mapatano ya watu wawili, dalali akiwa kati yao. Kijana anayekwenda huko na baba yake yafaa aelezwe mambo mawili. La kwanza, dalali naye analipwa, na yafaa kuuliza mapema analipwa na nani. La pili, ng'ombe asiyekuwa na maelezo ya alikotoka hafai kununuliwa hata akiuzwa kwa bei ya mbuzi. Katika wilaya ambazo wizi wa mifugo umetia watu wengi simanzi na uhasama, bei ya chini kupita kiasi si bahati, bali ni onyo.

Tugeukie sasa maduka yenye bei iliyopangwa. Vijana wa leo hudhani bei iliyobandikwa ni jambo la kisasa lililoletwa na maduka makubwa ya mijini. Wazee wao wanajua zaidi. Mwaka 1973 ilitungwa sheria ya kudhibiti bei, na Tume ya Bei ikawa inapanga bei za bidhaa nyingi nchini kote. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka, iliyokusudia maduka ya watu binafsi vijijini yapishe maduka ya ujamaa na ya ushirika. Nia ilikuwa njema: mwananchi wa kijiji cha mbali asinyonywe na mlanguzi, na kilo ya sukari iwe na bei moja inayojulikana. Lakini wale waliokuwa watoto miaka hiyo wanakumbuka kutumwa kupanga foleni tangu alfajiri, na kuambiwa saa nne kuwa sabuni imekwisha. Bei ilikuwa imeandikwa, bali bidhaa haikuwapo. Ilikuwapo kwa magendo, usiku, kwa bei nyingine kabisa.

Wananchi wa mpakani waliliona hilo kuliko wengine. Mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa mwaka 1977 na ukafunguliwa tena mwaka 1983, na katika miaka hiyo njia za panya hazikuota nyasi. Mwaka huo huo wa 1983 Serikali ilianzisha vita dhidi ya wahujumu uchumi, na mwaka 1984 ikaanza kulegeza masharti ya biashara. Hatusemi haya ili kuwabeza viongozi wa wakati ule, ambao walikabiliwa na ukame, vita na bei kali ya mafuta. Tunayasema kwa sababu yana somo ambalo kila mtoto na kila afisa anapaswa kulijua: bei iliyopangwa ni ahadi, na ahadi hiyo hutimizwa na bidhaa iliyopo rafuni.

Tena bei moja kwa wote si desturi ya kale hata huko Ulaya. Katika karne ya 17 nchini Uingereza watu walipatana bei madukani kama wafanyavyo Sirari. Waliojitenga na desturi hiyo ni waumini wa dhehebu la Marafiki, ambalo wengi hulijua kwa jina la Quaker. Wao waliona kuwa kutaja bei ambayo hukusudii kuipokea ni uongo, wakaamua kutaja bei moja tu. Mwanzoni wateja waliwakimbia. Kisha, kama alivyosimulia kiongozi wao George Fox, watu wakagundua kuwa wanaweza kumtuma hata mtoto katika maduka hayo akahudumiwa sawasawa na mtu mzima, na wateja wakarudi kwa wingi. Ilichukua muda mrefu desturi hiyo kuenea. Katika Paris ilipata nguvu baada ya mwaka 1852, Aristide Boucicaut alipoanza kuuza kwa bei zilizobandikwa katika duka la Bon Marché.

Katika habari hiyo ya Uingereza tunaona kipimo ambacho tungependa kukitumia hapa kwetu. Soko la haki ni lile ambalo mzazi anaweza kumtuma mtoto bila wasiwasi. Si lazima liwe na bei iliyobandikwa, wala si lazima liwe la mapatano. Swali ni moja tu: je, mtoto asiye na ujanja atarudi na haki yake?

Tukitumia kipimo hicho tutaona kuwa hata bei iliyopangwa huweza kumpunja mtoto, kwa sababu anayetaka kudanganya huacha bei na kugeukia kipimo. Sado iliyobonyezwa kitako hubeba pungufu, na kwa nje huonekana sado kamili. Mkulima naye hupunjwa kwa njia iliyo kinyume: mnunuzi humtaka ajaze gunia la lumbesa, lililoshonewa kilemba juu, kisha humlipa bei ya gunia moja. Sheria yetu ya vipimo inakataza lumbesa, na Wakala wa Vipimo ndio wenye wajibu wa kukagua mizani na kuitia alama. Lakini ni watoto wangapi wanaojua kuwa mizani iliyokaguliwa ina alama, na kwamba mteja anayo haki ya kuitazama? Katika mapatano macho huwa wazi, kwa kuwa kila mtu anatilia shaka. Mbele ya bei iliyobandikwa macho hufumba, na hapo ndipo hatari ilipo.

Ziko pia bei ambazo mtoto lazima ajue kuwa hazipatanwi, na kwamba anayetaka kuzipatana anamdanganya au anamwomba rushwa. Nauli ya basi hupangiwa ukomo na mamlaka inayosimamia usafiri wa nchi kavu. Bei kikomo za mafuta ya petroli, dizeli na ya taa hutangazwa na EWURA kila mwezi. Kiingilio cha Hifadhi ya Serengeti kimeandikwa, na mgeni hulipa kilichoandikwa, ingawa hatua chache nje ya lango atapatana bei ya shanga na vinyago. Ushuru wa soko nao una kiwango chake na stakabadhi yake. Mtoto anayeuza kuku wawili na kutozwa ushuru bila stakabadhi amefundishwa siku hiyo somo baya kuliko yote, kwamba mkono wa Serikali nao hupatanwa.

Kule Sirari kuna jambo la ziada. Mtoto wa mpakani hushika shilingi mbili zenye jina moja na thamani mbalimbali, ya Tanzania na ya Kenya. Akitajiwa bei kwa fedha ya upande mmoja na akalipa kwa fedha ya upande mwingine, hesabu yake ni ngumu kuliko ile ya maembe saba. Shule za huko zingekosea sana kama zingeiacha hesabu hiyo ifundishwe na wabadilisha fedha wa barabarani.

Tutoe basi mapendekezo yetu, ambayo hayahitaji fedha nyingi. Kwanza, kila shule ya msingi iwe na daftari la bei. Siku moja kila juma wanafunzi wa darasa la tano na la sita waandike bei ya debe la mahindi, sado ya dagaa, kilo ya sukari na mche wa sabuni, pamoja na tarehe, hali ya mvua, na kwa watoto wa visiwani, hali ya mwezi. Mwisho wa mwaka wachore mistari ya kupanda na kushuka, na karatasi hiyo ibandikwe mahali ambapo wazazi watakuja kuisoma. Hesabu itakuwa imefundishwa, na kijiji kitakuwa kimepata kumbukumbu yake.

Pili, shule za visiwani na shule za Tarime na Serengeti zibadilishane bei hizo. Mwalimu mmoja mwenye simu anatosha kwa kazi hiyo. Mvuvi huuza dagaa wake kwa bei ya mwaloni kwa sababu hajui bei ya Mugumu, na mama wa Mugumu hulipa bei ya mchuuzi kwa sababu hajui ya mwaloni. Hatusemi mchuuzi hana haki ya faida. Anasafiri, anaharibikiwa, na anakesha njiani. Tunasema faida yake ionekane.

Tatu, halmashauri za wilaya ziweke katika kila soko ubao wa viwango vya ushuru, na mizani moja ya umma iliyokaguliwa, ambayo mtu yeyote, hata mtoto, anaweza kupimia tena alichonunua. Mizani ya namna hiyo ingewanyoosha wauzaji wengi kwa kuwapo kwake tu.

Nne, haya yasiwe kisingizio cha kuwatoa watoto darasani siku ya mnada. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza ajira ya watoto wadogo, na kiti kitupu darasani hakifidiwi na debe la nyanya lililouzwa. Mtoto aende sokoni kujifunza na kusaidia nyumbani, baada ya masomo. Asigeuzwe mchuuzi wa familia.

Tunajua watakuwapo wa kutuambia kuwa kufundisha mapatano ni kufundisha uongo. Wengine watasema masoko ya wazi yanakwisha na maduka ya bei moja yanakuja, kwa hiyo tunajisumbua bure. Kwa wa kwanza tunajibu kuwa uongo hauletwi na mapatano, kwani hata bei iliyobandikwa inaweza kusema uongo kwa sado iliyobonyezwa. Kwa wa pili tunajibu kuwa mkulima wa Tarime atauza kahawa na mahindi yake kwa miaka mingi ijayo akiwa amesimama mbele ya mnunuzi anayejua kupatana, na asiyejua ndiye atakayelipia elimu ya mwenzake.

Samaki mkunje angali mbichi. Viongozi wa wilaya hizi mbili, walimu, na wazazi wa nchi kavu na wa visiwani, tunawasihi mulitazame soko kama darasa ambalo tayari limefunguliwa, lina wanafunzi, na halina mwalimu. Mtoto atumwapo kesho na arudi na dagaa, arudi na chenji, na akiulizwa kwa nini amelipa bei ile, aweze kujibu.